Bibi Aliyeacha Kunywa Maji

Ninyi vijana mtakaosoma haya mmekaa mbele ya feni, mkilalamika kwamba London imekuwa tanuri, nawaambia kwamba joto la hapa nililijua kabla mama zenu hawajazaliwa, na nililijua kwa pua. Lami ya barabarani ilikuwa ikiyeyuka, harufu yake ikaingia ndani ikakutana na harufu ya zulia la sufu na ya kabati la mbao lililopikwa na jua. Tulikuwa Hounslow, ndege zikipita juu ya paa letu zimeshusha matumbo. Baba alipakia mizigo uwanjani, Mama alikishonea kiwanda nguo hapo hapo nyumbani, na mimi, mtoto wa miaka kumi na mmoja, nilitolewa shule nimwangalie Bibi, mama yake Baba. Sikusoma sana, hilo mtaliona wenyewe.

Sisi ni Wahindi wa Mombasa. Nyumbani tulisema Kikachi na Kiswahili vimechanganyika kama wali na mchuzi, na tulipohamia huku tulibeba na kiburi cha watu wa pwani. Baba alikuwa akirudi kazini shati limemganda mgongoni na bado anacheka: "Wazungu wanazimia! Kwa jua hili lisiloweza kukausha hata papa?" Hakujua, na sisi hatukujua, kwamba joto la mtu ni nyumba yake. Kule kuta zilikuwa nene, na madirisha ya vibao yalipitisha upepo hata yakifungwa. Hapa dirisha la chumba cha Bibi, juu kabisa chini ya paa, lilikuwa limepakwa rangi likagandana na fremu yake, na Baba alikuwa ameliziba kwa utepe wakati wa baridi. Utepe tuliubandua. Dirisha likafunguka upana wa kiganja, basi.

Lakini si joto peke yake lililomtenda Bibi. Choo cha nyumba ile kilikuwa nje, mwisho wa ua. Kukifikia ushuke ngazi, upite jikoni, uvuke ua umeshika kopo lako la maji ya kutawaza, maana sisi hatujisafishi kwa karatasi kavu. Wakati wa baridi hakuna aliyekuona. Joto lilipokuja, jirani yetu mzungu, dereva wa lori aliyekuwa hana kazi siku zile, alitoa kiti chake uani akalala kifua wazi, bukta tu, redio pembeni, tangu asubuhi mpaka jioni. Uzio ulimfika kiunoni. Hakuwa mtu mbaya. Bibi akitokea, alimpungia mkono na kumsalimu kwa sauti, na Bibi akageuka, akarudi ndani kopo limejaa vilevile.

"Mwanamume yuko uchi," alimwambia Mama, "ananisalimu nakwenda chooni. Nimjibu nini? Karibu?"

Mama alicheka mpaka akasimamisha cherehani. Kesho yake akatundika shuka kwenye kamba ya nguo, iwe pazia. Bibi aliitazama tu. "Hiyo ndiyo itakayomtangaza anayepita." Mimi nikasema nimletee ndoo chumbani. "Humu ninamoswali? Mimi si mgonjwa, wala si mtoto mchanga." Akaamua atakwenda alfajiri na usiku. Mombasa hilo lingewezekana, giza huingia mapema. Hapa, majira yale, jua halitaki kulala. Saa tatu usiku jirani bado anasoma gazeti nje, na toka alfajiri mpaka hapo nani awezaye kujizuia? Basi Bibi akajitafutia dawa yake mwenyewe. Aliacha kunywa maji.

Kila asubuhi Mama alijaza jagi, nikapanda nalo, nikashuka nalo. "Bibi, kunywa." "Kunywa wewe." "Mama amesema." "Mama yako nilimchagua mimi, leo anitumie wewe?" Nikimsumbua sana alinikazia macho: "Nimefunga Ramadhani tangu sijavunja ungo. Glasi moja ya maji ndiyo itakayonitoa roho?" Nilimwambia Mama. Mama akapanda, Bibi akanywa funda moja mbele yake, Mama akarudi kwenye cherehani yake ameridhika. Nilimwambia Baba. Baba akageuza uso, kwani mambo ya choo cha mama yake angeyaanzia wapi? Mficha uchi hazai, wahenga wamesema, lakini katika nyumba yetu kuficha ndiko kulikoitwa heshima. Nikabaki kumpepea kwa kipande cha boksi. Nilikuwa na mchezo wa kufinya ngozi ya mkono wake nione inavyorudi. Siku zile ilibaki imesimama kama unga uliokandwa. Jasho likamkauka, uso ukawa moto na mkavu, nami nikadhani anapata nafuu, maana hatoki jasho tena. Mtoto anajua nini?

Mchana mmoja aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa, akaniagiza nifunge mlango wa uani mbuzi wasiingie. Nikapiga kelele. Mama alipanda, akamtikisa, akashuka mbio mpaka nje, na Kiingereza chake chote kikamkimbia. Alishika uzio akalia tu. Jirani hakuuliza. Aliruka uzio, akapanda ngazi zetu miguu mitupu, akambeba Bibi kama mtoto, shavu lake likilala kwenye kifua kile kilicho wazi. Bibi, ambaye hakunijua mimi, hilo alilijua. Mkono wake ulipapasa ncha ya mtandio mpaka ukaipata, akajifunika uso. Nilifuata nyuma nimebeba viatu vyake. Sikuwa na kingine cha kufanya.

Hospitalini walimtia maji mshipani. Daktari aliuliza alikunywa nini, alikwenda haja lini, na mfasiri nilikuwa mimi. Baba alisimama dirishani akihesabu magari. Maji yale yalichelewa. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na Mama, aliyemwosha, hakusema neno mpaka naye alipozeeka. Ndipo akaniambia kwamba Bibi alikuwa mwepesi kama nguo iliyokwisha kukauka kambani.

Leo nina choo juu na choo chini, na joto likikaribia simu ya mjukuu wangu hulia kutuonya. Wajukuu nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiingereza, lakini chupa ya maji haiwatoki mkononi, na wakibanwa na haja wanasema wazi mbele za watu. Zamani ningeuita huo utovu wa adabu. Sasa nasema alhamdulillahi. Ila magoti yangu yameharibika, na juzi, joto limepamba moto, binti yangu alinipa maji tukitaka kupanda basi kwenda kliniki, nikamwambia sitaki. Nilikuwa nimeshafikiri njia yote ile na choo kitakuwa wapi. Maneno yaliponitoka nilishtuka. Kuona nimeona, kulia nimelia, na bado. Tuliporudi niliwaita wote sebuleni, nikawazimia televisheni, nikawaambia: "Nimewalea mnitii, na asiyenitii naijua dawa yake. Lakini siku ya joto nikikataa maji, msinisikilize. Nishikeni kichwa, mninyweshe."