Siku ya Mwisho ya Elfu za Zamani

Nilienda Kajiado kwa sababu mama mkwe alinipigia simu Ijumaa jioni akaniambia nije peke yangu. Kwa miaka tisa niliyoolewa na mwanawe hakuwa amewahi kuniita hivyo. Mimi ni mtu wa Bungoma, nafundisha nasari hapa Kitengela, na nilikuwa nimeshazoea kwamba mambo makubwa ya boma lile hunifikia yakiwa yamekwisha.

"Mama Naserian," akasema, akiniita kwa jina la binti yangu, "kuja Jumapili. Ni mambo ya pesa. Usiambie vijana."

Vijana ni mume wangu na kaka yake. Nilimwambia mume wangu nampeleka mama yake hospitali kuangaliwa magoti. Nilijua wiki hiyo pesa maana yake ni nini, kwani kila redio ilikuwa ikitangaza kwamba Jumatatu ndiyo siku ya mwisho ya kubadilisha noti za zamani za elfu moja. Baada ya hapo ni karatasi tu.

Jumapili saa tatu asubuhi nilipata nafasi kwenye pikapu ya jirani aliyekuwa akipeleka nyasi Kajiado. Mpaka Isinya bado unaona mashamba ya maua na ploti zenye mabango ya kuuzwa. Ukipita hapo nchi inakuwa wazi na kavu. Mwezi huo mifugo ilikuwa imekonda, na jirani alisema nyasi zake zingeisha kabla hajazima injini.

Saa sita nilikuwa bomani. Nilimwinamishia kichwa, akanigusa utosini. "Takwenya," akanisalimu kwa lugha yao, nami nikaitikia, "Iko." Yeyo, yaani mama, ndivyo sote tunavyomwita. Alinipa chai ya maziwa na kungoja mchungaji aende na mbuzi. Kisha akafunga mlango na kuvuta mkebe wa mafuta ya kupikia kutoka chini ya kitanda.

Zilikuwa noti thelathini na nane, zimefungwa kwa nailoni. Zote za elfu, zote za zamani.

Hizo zilikuwa pesa za maziwa. Huko maziwa ni ya mwanamke, na pesa yake mwanamume haulizi. Lakini Yeyo aliwajua wanawe vizuri. Wangeona mkebe, wangesema ng'ombe wanakufa njaa, na pesa ingeliwa ikiwa nyasi. Yeye alitaka tangi la maji kabla ya mvua, maana magoti yalikuwa yamekataa safari za kisimani. Bila zile noti, tangi halipo.

"Na noti ndogo ziko wapi?" nikamuuliza.

"Nilimaliza. Niliposikia pesa inaisha nikatumia ya hamsini na ya mia haraka haraka. Zingine nikapea yule wa duka anipatie hizi za elfu."

Nilishika kichwa. Kwa sauti yangu ya darasani nikamweleza kwamba zile ndogo hazikuwa na shida yoyote, na kwamba elfu ndizo pekee zilizokuwa zinakufa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kiangazi ikikuja," akaniuliza, "wewe unauza ng'ombe kwanza ama mbuzi?"

"Mbuzi."

"Haya basi."

Alikuwa amefanya alichofunzwa tangu utotoni: akatoa kidogo, akashika kikubwa.

Jumatatu tulishuka mjini alfajiri. Saa moja foleni ya benki ilikuwa imeshazunguka kona. Watu walishika mifuko ya sukari, soksi, hata Biblia, na hakuna aliyemwuliza mwenzake kilichomo. Yeyo alikataa kiti alichopewa na mlinzi. Alisema akikaa wataruka zamu yake.

Saa sita na robo tulifika dirishani. Kijana wa benki alikuwa na adabu, lakini alikuwa amechoka. Akachukua kitambulisho, akahesabu, akarudisha noti mbili.

"Hizi panya imekula number yote, shosho. Siwezi."

"Sawa," akasema Yeyo.

"Pesa umetoa wapi?"

"Maziwa."

"Uko na ng'ombe ngapi?"

Yeyo akageuza uso. Kijana akauliza tena, kalamu iko hewani. Nyuma yetu mtu akapiga mluzi wa kukosa subira. Nikaona kijana anaanza kuzisukuma zile noti kando, kama mtu anayetaka kwanza kumwita mkubwa wake. Mkubwa akija, tungerudi mwisho wa foleni, na foleni ile isingekwisha kabla ya kufunga.

"Hatakuambia," nikasema. "Hapa mtu hahesabu ng'ombe wake mbele ya watu, ni mkosi. Andika maziwa, ya miaka sita. Mimi ni mke wa mtoto wake, na namba yangu ya simu ni hii."

Kijana alinitazama, akamtazama Yeyo aliyekuwa ameinua kidevu, akaandika. Tulitoka na noti mpya thelathini na sita. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Yeyo hakutaka hata chai. Tulienda moja kwa moja kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akalipa tangi pamoja na usafiri, akabakiwa na noti moja. Akanishika kiganja na kukitemea mate kidogo, baraka ambayo kwa miaka tisa nilikuwa nikiwaona wengine wakipewa. Hapo nililia wazi.

Jioni nilirudi Kitengela nikijiona mtu wa maana. Nilipokuwa nikitundika koti langu la kanisani, nikasikia kitu mfukoni: bahasha ya mchango wa harusi ambayo sikuwahi kuipeleka. Ndani mlikuwa na noti tatu za elfu, za zamani. Saa ya ukutani ilionyesha saa moja kasorobo. Benki zilikuwa zimefungwa.

Nilichojifunza kwenye safari hiyo nilijifunza nikiwa nimekaa kwenye kitanda changu mwenyewe. Nikampigia Yeyo simu, kwa sababu hakuna mwingine ambaye ningeweza kumwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake.

"Pole, Mama Naserian," akasema. "Kwani huko Kitengela hakuna redio?"