Nililichelewesha Lori la Kijiji kwa Ajili ya Somoe

Nilijua ubovu wa lile lori siku ile ile ya kwanza, tena chai niliyokaribishwa haijapoa. Nasema mapema ili msije mkanionea huruma njiani. Nilijua, nikanyamaza, nikajifanya sijui.

Enzi hizo za vijiji vya ujamaa nilikuwa fundi magari katika karakana moja ya mjini, pale Chikongola. Kijana, sina mke, na najisikia kweli kweli. Kijiji kimoja cha upande wa Ziwani kikaleta habari kwamba lori lao linasumbua. Ukikanyaga mafuta linakwenda. Ukiachia tu, linatetemeka kama mtu mwenye homa, kisha linazimika. Msimu wa korosho umeshachanganya, na lori lenyewe ndilo hilo hilo moja. Mkubwa wangu akanituma, nikaenda na sanduku langu la spana.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Selemani, alinipokea vizuri, akamwambia dereva awashe. Nikainama kwenye injini, nikasikiliza. Kuna mafundi wakifika tu wanaanza kufungua. Mimi nilifundishwa kusikiliza kwanza, na hiyo ndiyo sifa pekee nitakayojipa leo.

Chini ya mngurumo kulikuwa na sauti nyembamba, kama mtu anayevuta pumzi kati ya meno. Nikaifuata kwa sikio mpaka kwenye mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye breki. Ulikuwa umepasuka, ufa mdogo tu, na injini ilikuwa ikinyonya hewa isiyoihitaji. Nikauziba ufa kwa kidole gumba. Lori likatulia tuli. Nikaondoa kidole, likatetemeka, likazimika.

Kazi imekwisha. Ukanda wa tyubu ya baiskeli, waya kidogo wa kufungia, na jioni ningekuwa nyumbani kwangu.

Hapo ndipo alipokuja Somoe.

Somoe alikuwa mtunza ghala wa kijiji. Alikuwa ameachika, anaishi na mama yake, na alikuwa na namna ya kusimama akikusikiliza, kichwa kimeinama upande kidogo, hata ukimwambia habari ya plagi unajiona unasoma taarifa ya habari redioni. Alikuja na bakuli la ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, na pilipili ya kusaga pembeni. Akaniuliza kama ugonjwa wa lori ni mkubwa.

Nilitaka kusema ni mpira tu. Wallahi nilitaka. Nikamtazama, na mdomo wangu ukasema, "Itabidi tulifungue, dada."

Basi nikalifungua. Siku hiyo nikatoa plagi zote, nikazisugua, nikazirudisha. Zilikuwa nzima. Kesho yake nikasugua pointi za kuwashia moto. Nazo nzima. Siku iliyofuata nikashusha kabureta, nikaitandaza kipande kipande juu ya gunia, nikavipuliza vitundu vyake kwa mdomo, na wazee wakaja kutazama. Ile kabureta ilikuwa safi kuliko sahani zangu za nyumbani! Nikatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

Na kila alasiri Somoe alikuja. Mara ananiletea mabibo, mara analeta ugali wa muhogo na kisamvu, na kila mara swali lake ni moja, lori litapona lini. Nami kila mara nikasema kesho. Nilikwisha amua moyoni kwamba mwanamke haji kila siku kuuliza habari za injini kwa sababu ya injini. Nikaanza kunyoa kila asubuhi. Nikaazima kioo kwa dereva.

Jamani, ujinga una raha yake.

Korosho nyingi za kijiji zilikuwa zimekaa kwenye banda la makuti lisilo na kuta, maana ghala lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Siku moja Somoe alikuja mikono mitupu. Alisema mawingu ya upande wa Ruvuma hayapendi, na kwamba anafikiri aende kuomba lori la kijiji jirani libebe magunia mpaka mjini. Akaniuliza mimi naonaje.

Ilinipasa nimwambie aende. Lakini lori la jirani likija, langu lina haja gani tena ya kufunguliwa? Nikamwambia, "Usijisumbue. Kesho hili litalala mjini."

Akaniamini, akarudi ghalani.

Mvua ikaja kesho yake mchana, mapema kuliko kila mtu alivyotarajia. Haikunyunya kwanza, ilimwagika tu. Watu walitoka majumbani na majamvi, na mikeka, na magodoro, wakafunika magunia. Nami nilikimbia, nikabeba magunia mpaka mgongo ukataka kukatika. Somoe alikuwa amevua kanga yake ya juu, ameitandaza juu ya gunia moja, moja tu katika yote yale, ameishika kwa mikono miwili huku maji yanampita usoni. Hakuniangalia. Nilipomwona vile ndipo nilipofahamu alichokuwa akikijia kila siku. Alikuwa akija kwa ajili ya zile korosho.

Asubuhi yake nililitengeneza lori. Ukanda wa tyubu, waya, basi. Dereva hakumaliza hata sigara yake. Watu wakanipongeza, na Mzee Selemani akanipa jogoo. Nikampokea. Mjini korosho zilipokaguliwa, nyingi zikawekwa daraja la pili, jasho la watu la mwaka mzima.

Mngedhani kosa langu linaishia hapo. Hapana, kubwa ndilo linalokuja.

Mkutano wa kijiji uliitwa, nami niliombwa nikae nieleze habari ya lori. Mzee Selemani akamuuliza Somoe kwa nini hakutafuta lori jingine mapema. Somoe akajibu kwa utulivu kwamba alitaka kwenda, ila fundi alimhakikishia lori litapona kesho yake.

Mwenyekiti akanigeukia. "Fundi, ulimwambia hivyo?"

Watu wote walikuwa wakinitazama, watu ambao nilikuwa nimekula vyakula vyao. Nikasema, "Mimi nilimwambia injini haina ahadi."

Somoe hakubisha. Alinitazama kidogo, kama anayetaka kuhakikisha amesikia sawasawa, kisha akafungua fundo la kanga, akatoa ufunguo wa ghala, akauweka mezani mbele ya mwenyekiti. Akatoka.

Yule jogoo nilimwachilia njiani, kabla sijafika Mtawanya. Sikuweza kumchinja.

Nilirudi mjini nikafanya kazi, lakini kila injini iliyotetemeka ilinirudisha Ziwani. Nikavumilia masika yote. Muhogo ulipokuwa tayari nikashindwa, nikapanda baiskeli ya kuazima, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Selemani. Nikamweleza yote, kidole gumba na kila kitu. Akasema aliyeaibishwa mbele ya watu asafishwe mbele ya watu, akaitisha mkutano.

Nikasema tena, nimesimama. Wanaume walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na hapo hapo nikapewa jina la Bwana Kesho, ambalo mpaka leo nikikutana na mtu wa kule ananiita hivyo. Wanawake hawakucheka. Somoe akarudishiwa ufunguo. Akaufunga kwenye kanga.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Sikutegemea. Nilimwomba msamaha, akasema amesamehe, lakini korosho hazijui kusamehe. Akaniambia pia kwamba ameposwa na mtu wa Mikindani na amekubali. Nikampa hongera, nikageuza baiskeli.

"Fundi," akaniita. "Siku ile ya kwanza ungelitengeneza lile lori, ningekuuliza unarudi lini."

Sikumbuki njia ya kurudi.

Nilioa baadaye, mke mwema, na habari hii anaijua, hucheka kuliko wote. Lakini nyinyi vijana mnaosoma hapa, hasa mafundi, nisikilizeni. Ukishausikia ubovu, sema pale pale, maana wakati wewe unacheza na spana kuna mtu mahali anatazama mawingu. Na kama umempenda mtu, mwambie umempenda. Usimwambie habari za kabureta.