Soksi Yangu na Kompyuta ya Ofisi

Wenzangu, kabla ya kuacha kazi jipime kwanza. Mimi nilijipima, nikajipa alama zote. Nilikuwa nauza misumari dukani Tala, na jioni nasomea kompyuta chuoni. Nilipopata kazi ya ofisi Athi River, nilimuaga mdosi wangu kwa madharau: "Mzee, mimi si mtu wa vumbi tena."

Jumatatu nikafika nimevaa tai. Mlangoni nikavua viatu, kwa sababu chuoni hakuna aliyeruhusiwa kuingia navyo. Soksi moja ilikuwa imetoboka, kidole gumba kikachungulia.

"Mutua, mbona umevua viatu?" akauliza meneja, Bi Ndunge.

"Vumbi isiingie kwa kompyuta, madam."

Makarani wawili wakaziba midomo.

"Haya, iwashe," meneja akasema, akinionyesha kompyuta mezani.

Nikabonyeza kioo. Nikabonyeza kibodi yote. Nikapapasa mpaka nyuma.

"Madam, hii imeharibika."

Akainama chini ya meza, akabonyeza kitu, mashine ikanguruma.

"Kwani huko chuoni mlikuwa mnawasha aje?"

"Mwalimu alikuwa anatuwashia kabla hatujaingia."

Akaangalia kidole changu, kisha akaniangalia mimi.

"Mutua, kule Tala wameshaandika mtu mwingine?"