Nyumba Tisa za Ng'ambo ya Kijito

Mwalimu Lanjewar alifundisha watoto wa kijiji chetu cha Kavathali miaka ishirini na sita, na sisi majirani zake hatukuwahi kumshika na uongo. Ndiyo maana serikali ilipotaka watu wahesabiwe, yeye ndiye aliyepewa makaratasi.

Alihesabu vizuri. Aliingia kila nyumba, akaandika hadi kichanga kisichokuwa na jina. Zikabaki nyumba tisa za watu wa kabila la Wagondi, ng'ambo ya kijito. Siku hiyo wageni walikuwa wanakuja kumposa binti yake, na jua lilikuwa limeshapanda. Akaketi ukingoni, akazijaza karatasi kwa kukumbuka: wanafunzi wake, kisha wazazi wao. Akarudi nyumbani kupokea wageni.

Miaka miwili baadaye akaja mtu wa idara ya barabara.

"Lami ni kwa kijiji cha watu mia tano kwenda juu," akatuambia. "Nyinyi mko mia nne themanini na sita."

Mkuu wa kijiji akacheka. "Wanaume, mmesikia? Mmetuangusha kwa watu kumi na wanne!"

Tukaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Jioni ile alivuka kijito, akapita mlango kwa mlango akijifanya anasalimia. Aliowasahau walikuwa kumi na tisa.

Akanyamaza. Basi liliendelea kuishia njia panda, kilomita saba kutoka kijijini, za udongo mweusi unaowavua watu viatu mvua ikinyesha. Mwaka huo Sugandha, binti wa Maroti Atram wa zile nyumba tisa, alifaulu kwenda shule ya mjini. Hakukuwa na mtoto mwenye akili kama yeye darasani. Alikwenda Juni yote. Julai alirudi mara tatu giza limeingia, ametapakaa matope hadi kiunoni, na baba yake akamwachisha. Mwalimu akaenda kumsihi.

"Maroti, ndugu yangu, mwache mtoto asome."

"Mletee hilo basi hapa mlangoni, Mwalimu, nami nitamwacha."

Sugandha akaingia shambani kuchuma pamba. Baadaye akaozwa mbali. Mwalimu alikula karamu ya harusi ile.

Ilimchukua miaka mitatu zaidi kusema. Alimwendea Maroti kwanza, nami nilikuwepo, nikimtengenezea jembe lake.

"Mama yako sikumwandika," alisema. "Wala shemeji zako. Sikuvuka."

Maroti akasema, "Mama alikuona siku ile umekaa ukingoni. Akasema, 'Mwalimu amechoka, mpelekeeni maji.' Mimi ndiye niliyekuletea."

"Nakumbuka."

"Ukayanywa."

"Niliyanywa."

Maroti hakumtukana. Aliingia ndani, akafunga mlango, na hadi leo hajamwita tena ndugu.

Mwalimu akasema tena mbele ya mkutano wa kijiji, ingawa mkuu alimvuta shati akimnong'oneza, "Kaa chini, watakumaliza!" Msimu mzima watu hawakujibu salamu yake. Akaandika barua wilayani, akikiri kwa jina lake. Jibu likaja: idadi haibadilishwi mpaka hesabu ijayo.

Sasa amestaafu. Kila asubuhi ya shule huvuka kijito, huwachukua wasichana wanne wa nyumba zile, huwasindikiza hadi njia panda, na jioni huwafuata. Nilimwambia apumzike, goti limevimba.

"Usinihurumie, kaka," akasema. "Ukinihurumia nitaona nimelipa."

Sikukuu ya Diwali iliyopita Sugandha alikuja kwao na mtoto mgongoni. Mwalimu akampigia magoti uani, mzee mzima, akamweleza yote watu wakitazama.

"Inuka, Mwalimu, unaniaibisha," akasema, akimshika mkono. "Miaka yote hii nimemchukia baba yangu. Ungeniambia mapema tu."

Sugandha akamwacha pale, akaenda kumtafuta baba yake kwenye shamba la pamba.