Redio ya gari ilivyoimeza sauti ya bibi, nusura nisugue CD kwa dawa ya meno

Wakuu, salamu kutoka Ifakara. Huku tuko kwenye mavuno ya mpunga, pumba zimetujaa hadi masikioni.

Haya yamenitokea mwenyewe mwezi uliopita. Sijatia chumvi, na pale nilipoonekana mjinga nimepaacha kama palivyo.

Nina gari ya mtumba ya Kijapani. Redio ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, inapiga FM na CD basi. Lakini ilikuwa na sauti nzuri jamani, watu wakipanda wanauliza nimefunga spika gani.

Sasa hiyo CD.

Nikiwa sekondari nilimrekodi bibi mzaa mama kwenye kaseti. Alikuwa akisimulia aliyoambiwa na baba yake kuhusu enzi za Mjerumani na vita vya Maji Maji. Jinsi askari walivyochoma maghala ya chakula, watu wakakimbilia kwenye matete ya mto Kilombero, na njaa ikaja kuua waliobakizwa na bunduki.

Baadaye nikaihamishia kwenye CD. Kaseti ikaharibika, bibi naye akafariki.

Imebaki CD moja tu, na kitu pekee cha kuipigia nyumbani ni redio ya gari.

Mama yangu tangu msiba hakutaka kuisikia. Ukiitaja anabadilisha mazungumzo. Lakini mwaka huu ukoo ulipanga Misa ya kuwaombea marehemu wetu wote, hadi wale wa wakati wa vita, na mama ndiye aliyepewa kazi ya kuandika majina.

Akawaandika anaowajua. Mwisho wa karatasi akaandika "na mtoto".

Huyo mtoto alikuwa mdogo wa kike wa baba yake bibi. Alikufa njaa kule kwenye matete, mikononi mwa mama yake. Kisa mama anakijua. Jina halijui, bibi hakuwahi kumtajia.

Nikamwambia, "Mama, kwenye CD bibi anamtaja. Mimi sikulishika jina, lakini anamtaja."

Akaiweka kalamu chini. "Basi twende tukamsikilize. Siwezi kumpeleka mtu kanisani hana jina."

Tukaingia kwenye gari pale uani, nikaweka CD.

Wakuu, ilitoka sauti ya ajabu. Nyembamba, haina bass, hujui inatokea wapi. Na mimi CD hiyo hiyo niliisikiliza mwanzoni mwa mwaka nikitoka Kidatu, ilikuwa unamsikia bibi hadi anavyomeza mate.

"We Deo, mbona mama yangu anaongea kama yumo ndani ya pipa?"

Tatizo ni kwamba bibi akifika kwa yule mtoto anashusha sauti. Hapo hatukupata kitu. Nikarudisha weee, hakuna. Mama akafuta macho kwa kanga, akasema tuache, labda bibi mwenyewe hataki.

Iliniuma sana. Siku ile ilikuwa Alhamisi, Misa ni Jumapili.

Nikahangaika na settings. Bass juu, treble chini, wapi. FM nayo ilikuwa imekonda vile vile, nikasema hiyo ni shauri ya masafa. Kisha nikampigia fundi aliyenibadilishia betri. Niliyomwambia siyarudii humu.

Mwisho nikaamua CD imechubuka. Kuna mtu aliwahi kuniambia ukiisugua kwa dawa ya meno inapona. Nikakaa kizingitini na CD, kitambaa na dawa, tayari kuikamua.

Hapo akaingia Felista, jirani yetu. Anaimba kwaya ya kigango, na ndiye anayefunga spika na mixer siku za Misa. Alifuata ile karatasi ya majina.

"Shikamoo mama. Kaka Deo, sasa hiyo CD unaipiga mswaki?"

Nikamweleza.

"Weka dawa chini. CD ikiharibika inaruka au inakwama, haikondi sauti. Na kama FM nayo imekonda, CD ina kosa gani?"

Nikakifunga kifuniko cha dawa.

Akaingia kwenye gari, akapeleka balance, ile ya kugawa sauti kushoto na kulia, kushoto tupu. Bibi huyo, mzima! Akapeleka kulia tupu. Bibi huyo tena! Mama akainuka alipokuwa amekaa, akaja.

Felista akarudisha balance katikati. Bibi akarudi ndani ya pipa.

"Spika zako ni nzima, ila zinapingana," akasema. "Moja inasukuma wakati mwenzake anavuta. Mwishowe zinamezana sauti. Nani aligusa nyaya za hizi spika?"

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze.

Mwishoni mwa masika gari ilizama kwenye maji njia ya shamba. Spika ya mlango wa kulia niliitoa mwenyewe, nikaianika kwenye turubai pembeni ya mpunga. Soketi yake ilikuwa na kutu, nikaikata, nikaunga waya kwa mkono na tepu. Chanya nikaiweka kwa hasi. Fundi wa watu hakuhusika kabisa.

Tungeweza kusikiliza upande mmoja, lakini Felista alikataa. "Tengeneza kwanza, mama asikie vizuri."

Nikafungua mlango, nikabadilisha nyaya. Kazi ya dakika chache.

Nikaweka CD. Bibi akajaa gari zima. Akasimulia maghala, akasimulia matete. Alipofika kwa mtoto akashusha sauti, akalitaja jina taratibu, mara mbili, kama anayemwita.

Mama akaitika, "Abee mama."

Nikamgeukia. Alikuwa amejiziba mdomo.

"Hilo ndilo alilokuwa akiniita nikiwa mdogo," akasema. "Nilipoanza shule akaliacha. Mimi nikidhani ananibembeleza tu."

Jina sitaliweka humu, ni la mama.

Felista, najua huwa unapita humu kimya kimya. Asante sana dada yangu. Umetupa kitu ambacho sijui nikulipe kwa lipi. Na kopi za CD ulizotutolea kila mtu wa nyumbani anayo.

Fundi nilimfuata kazini kwake nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Alicheka, akataka kuuona huo mlango.

Nilichojifunza: redio ikibadilika sauti, usikimbilie kununua spika wala kutukana watu. Sikiliza upande mmoja mmoja, halafu pande zote pamoja. Na jiulize mkono wa mwisho kupita pale ulikuwa wa nani. Wenye ujuzi nirekebisheni, na aliyewahi kukutwa na kisa kama hiki aseme hapa tucheke naye.

Jumapili katekista alisoma majina. Pale palipoandikwa "na mtoto" mama alikuwa amepafuta kwa kalamu, akaandika jina. Lilipofika lile jina, nilimsikia pembeni yangu akiitika tena.