Maji Ndani ya Difu

Mafuta ya difu, lile sanduku la gia lililo katikati ya ekseli, yakitoka meupe kama chai ya maziwa, ujue maji yameingia, na ujue kwamba siku yangu imeharibika. Miaka ile ya mwisho ya tisini, pale Nchelenge, niliyaona yakitoka hivyo mara nyingi mpaka chai ya maziwa yenyewe ikanishinda kunywa.

Nilikuwa nimevuka Ziwa Mweru kutoka upande wa Kongo kuja Zambia, nikajulikana kwa kutengeneza injini za boti za wachuuzi wa samaki. Zahanati moja ndogo ikanipa kazi ya kutunza pikipiki yake ya magurudumu manne. Ilikuwa nayo hiyo moja tu. Mvua zikishika, barabara ya kuelekea Mununga iligeuka tope na madimbwi, na hakuna gari lililofika vijiji vya ufukweni. Ilifika pikipiki hiyo tu, imembeba nesi, ambaye sote tulimwita Sista, pamoja na kisanduku cha barafu chenye chanjo ya surua. Ikifa pikipiki, watoto wa huko hawachanjwi. Nililijua hilo kila nilipolala chini yake na spana mkononi.

Tope halikunikera. Tope lina dawa yake: unaliosha kwa ndoo, taratibu, maji yasisukumwe kwenye beringi, unafungua chujio la hewa, unalisafisha na kulikausha, unapaka grisi mpya, kisha unaendesha polepole huku umebana breki mpaka zikauke. Hata ule uzi wa nailoni wa nyavu mbovu, unaojisokota kwenye ekseli mpaka ukate sili, ule mpira unaozuia maji, niliuchomoa kwa koleo huku nikitukana chinichini, basi yakaisha. Kilichonikera ni usafi. Sista alikuwa akirudi na pikipiki inang'aa kama ya arusi, kumbe ndani imebeba ziwa.

"Sista, nani anaosha hii kitu?"

"Bantu ba mu mugini, ba fundi. Njo heshima yabo."

Kweli ilikuwa heshima ya watu wa vijijini. Mgeni akifika na baiskeli yenye tope, wenyeji huichukua wakaisugue ziwani wakati yeye anakula ugali na chisense, vile vidagaa vya Mweru. Pikipiki ya zahanati nayo ikapewa heshima hiyohiyo: ingali moto, inasukumwa majini mpaka kwenye kiti, inasuguliwa kwa mchanga. Na chuma cha moto ukikizamisha kwenye maji baridi, kinakunywa hayo maji. Mafuta mapya niliyangoja kwenye mabasi madogo yaliyotoka mji wa Mansa, wiki hata wiki, na nikiyatia, safari moja tu yameshageuka maziwa.

"Ubaambie baache!" nilimfokea Sista.

"Miye siwezi. Enda weye mwenyewe ubaambie."

Nikaenda. Katika kijiji cha kwanza alitujia mama mwenyeji wetu, mtoto mgongoni, na wenzake nyuma yake, wameshapandisha vitenge hadi magotini. Nikasimama mbele ya pikipiki kama askari wa forodha.

"Non, non! Musiguse! Mayi itaingia mu motere!"

Mama akanitazama. "Papa, mayi yetu iko mubaya?"

"Hapana, mama. Lakini hii haiko bwato ya kutembea mu mayi."

"Bageni bote banaoshewa. Weye njo unakatala?"

"Ninakatala," nikasema, tena kwa sauti.

Hakubishana. Alishusha kitenge chake, akamkaza mtoto mgongoni, akarudi kwake, na wenzake wakamfuata. Sista akapanga vitu vyake mezani, akafungua kisanduku, akangoja. Hakuna mama aliyekuja. Kwao, anayekataa kuoshewa amekataa kupokelewa, na ni nani atakayempa mtu kama huyo mtoto wake amchome sindano? Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hiyo hakupona mtu. Barafu ikawa maji, chanjo ikapata joto, na chanjo iliyopata joto ni ya kutupa. Tulikuwa tumekaribia zahanati Sista aliponigeukia.

"Ba fundi," akasema, "mashini yako iko muzima."

Nilikasirika usiseme. Niliwakasirikia wao, nikamkasirikia yeye, nikaikasirikia hata pikipiki iliyokuwa imesimama pale, kavu, haina kosa. Hata leo nasema kuhusu mafuta nilikuwa sahihi.

Safari iliyofuata nilijiandaa. Vimrija vya kupumulia vya difu niliviziba kwa vipande vya chubu ya tairi, chujio nikalifunika kwa mfuko wa plastiki, sili nikazisakafia grisi nene. Nikamwambia Sista tutasimama kabla ya kijiji, chuma kipoe kwanza. Tukasimama juani, nikawa naigusa injini kila mara kama mtu anayepima homa. Bado ilikuwa moto. Nikageuka, nikaona maji yanatiririka kutoka pembe ya kile kisanduku. Sista alikuwa ameweka kiganja juu ya kifuniko, ananitazama tu.

Nikawasha injini.

Mama yuleyule alikuwa mlangoni pake. Hakusogea. Nikashuka, nikaisukuma pikipiki mwenyewe mpaka mbele yake.

"Mama, tunaomba mutuoshee."

Akaniacha nisimame kwanza. Kisha akawaita wenzake. Ilipoingia ziwani injini ilipiga kelele ya mvuke, *fsss*, na mimi nilikuwa nimeketi mbele ya sahani ya chisense ambayo sikuionja ladha yake. Baadaye mama alikuja, mikono ingali inachuruzika maji, akampakata mtoto mbele ya Sista, akamshika mkono barabara. Mtoto akapiga yowe. Nyuma yake mama wengine walikuwa wamejipanga mpaka nje.

Tulipofika zahanati nilifungua nati ya difu. Meupe. Nikatukana kwa Kiswahili, kwa Kibemba na kwa Kifaransa. Sista alikuwa amekiinamisha kisanduku ukutani kikauke, kitupu. Nikakitazama, nikaosha mikono, nikaenda stendi kuuliza kama basi la Mansa limeleta mafuta.