Vipepeo Weupe Juu ya Vinyungu

Katika miaka ya hamsini nilikuwa mwalimu kijana kwenye shule ndogo karibu na Nyololo, nimeolewa mwaka mmoja tu. Bwana shamba wa Iringa alipita shuleni kuomba watu wa kujitolea. Alitaka tumwandikie wadudu tutakaowaona tangu Septemba, majani yanapochipua, hadi mvua za kwanza. Walimu wenzangu walitazama viatu vyao. Mimi nikakubali, maana nilipenda vipepeo tangu utotoni.

Kila Jumamosi asubuhi nilikaa bondeni, kando ya vinyungu, bustani tunazolima kiangazi penye unyevu. Nilishika saa ya mume wangu na kwa robo saa nikahesabu vipepeo waliopita kati ya mpera na kichuguu. Wa manjano wanne, weusi wenye madoa wawili, kereng'ende mmoja. Mama mkwe alipita na jembe, akauliza kama hao wadudu watatupikia ugali. Hakuwa mkali, ila wadudu hakuwapenda. Mwaka wa nzige alimzika binti yake aliyekufa kwa njaa.

Jumamosi moja mwishoni mwa Oktoba niliandika weupe sita. Jumamosi iliyofuata walipita wengi mpaka kalamu ikashindwa kuwafuata. Kufika saa nne wingu jeupe lilikuwa limefunika ukingo wa kilima, na kengele ya kanisa ikaanza kugongwa. Watu walishuka na madebe wakiyapiga. Mzee wa kanisa akasema tuvune mahindi yote ya vinyungu siku hiyohiyo, machanga hivyohivyo, kabla hayajaliwa. Punje zilikuwa bado maji matupu. Mahindi hayo ndiyo yalikuwa chakula chetu mpaka mavuno ya mlimani.

Nikajikuta nasema kwa sauti kwamba hawa si nzige, ni vipepeo, na wote wanaelekea upande mmoja, wa Mbeya, bila kutua.

"Na watoto wao je?" mzee akauliza. "Viwavi wanatoka kwa nani?"

Nikaomba wanipe nafasi ya kumwuliza bwana shamba. Walinung'unika, wakakubali kungoja wiki moja. Familia mbili hazikungoja, zikavuna jioni ileile.

Niliwafunga vipepeo watano katika karatasi ya daftari, nikaandika barua, nikampa dereva wa basi la Iringa. Ndipo hofu ikaniingia. Mimi ndiye niliyezuia watu kuvuna. Wakitoka viwavi, watoto ninaowafundisha watalala njaa kwa neno langu.

Siku zilizofuata, nikitoka darasani nilikwenda moja kwa moja bondeni kugeuza majani ya mahindi, kutafuta mayai. Siku ya pili nilimkuta mama mkwe yuko mstari wa mbele yangu, amepiga magoti, anageuza jani moja moja. Tulifanya hivyo siku nne, kila mmoja na mstari wake. Tulipata panzi wachache na konokono. Yai hatukuliona hata moja, lakini usingizi ulinipaa vilevile.

Siku ya sita basi lilileta jibu. Nililisoma palepale barabarani, kisha nikakimbia bondeni na kanga mkononi, nikamsomea mama mkwe. Bwana shamba aliandika kwamba vipepeo hao husafiri kwa makundi, na viwavi wao hula majani ya vichaka fulani vya miiba vya nchi kavu. Mahindi hawayagusi. Alitushukuru kwa hesabu.

Mama mkwe aliniambia nisome tena. Nikasoma. Akaniuliza, "Hawayagusi kabisa?"

"Kabisa, Mama."

Akakaa chini kwenye tuta, akafungua kitambaa cha kichwa, akajifuta uso. Kisha akajilaza pale pale katikati ya mahindi, jua la mchana likiwaka, akalala fofofo. Nilikuwa sijawahi kumwona amelala mchana. Nikakaa karibu naye nikimfukuzia nzi, mwili wangu wote umelegea kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Mahindi yalipokomaa alijaza vikapu viwili, akaniambia twende kwa zile familia zilizovuna mapema. Njiani alitaka kujua tu kama weupe wale walikuwa wamefika Mbeya, na kama huko nako kuna mtu anayewahesabu.